Mwalimu Akinyamaza Angani: Namna ya Kujiandaa Iwapo Mmoja Atapoteza Uwezo Katika Mafunzo ya Glaida

Tarehe 29 Juni 2022, katika uwanja wa ndege wa Blackpool nchini Uingereza, rubani mwenye leseni alimwomba mwalimu mmoja aruke naye katika ndege ndogo aina ya PA-28, kwa sababu upepo ulikuwa mkali na alitaka mtu mzoefu awe kando yake. Muda mfupi baada ya kuruka, kichwa cha mwalimu kiliegemea nyuma. Walikuwa wanafahamiana vizuri, hivyo rubani akadhani mwenzake anamtania kwa kujifanya amelala, akaendelea na mzunguko wake wa kutua. Ndege ilipokata kona kuelekea kwenye njia ya kurukia, mwalimu akamwangukia begani, na rubani bado akaona utani unaendelea. Alitua salama, na baada ya kutua ndipo alipotambua kwamba mwenzake hajibu. Mwalimu alikuwa amefariki.

Ndege ile ilikuwa na injini, na wawili hao walikaa ubavu kwa ubavu. Katika glaida, yaani ndege isiyo na injini, hali ni ngumu zaidi. Glaida nyingi za mafunzo, kama ASK 21 ya Ujerumani iliyoruka kwa mara ya kwanza mwaka 1979, zina kiti kimoja nyuma ya kingine: mwanafunzi hukaa mbele na mwalimu nyuma. Mwanafunzi hamwoni mwalimu wake kabisa, na mwalimu naye huona kisogo tu na mabega. Zaidi ya hayo, mwalimu mzuri hunyamaza kwa makusudi ili mwanafunzi afikiri mwenyewe, na mwanafunzi hudhani kwamba kila ukimya ni mtihani. Kwa sisi tuliolelewa kutomkatiza mwalimu anaponyamaza, mtego huu ni mkubwa maradufu, kwa kuwa kumuuliza mtu mzima kama yuko macho huonekana utovu wa adabu.

Kwa hiyo mwongozo huu unajengwa juu ya kanuni moja ambayo mwalimu na mwanafunzi wanapaswa kukubaliana kabla ya kuingia ndani ya glaida: ukimya ambao haukutangazwa ni wa kweli. Nimeuandika nikiwafikiria wasomaji wa Kiswahili wanaojifunza katika klabu za Uingereza, Ujerumani au Marekani, ambako mchezo huu umeenea, pamoja na wale wanaoujua kupitia klabu ya glaida ya Mweiga, karibu na Nyeri nchini Kenya. Hauchukui nafasi ya kitabu cha glaida yenyewe wala ya maelekezo ya mwalimu wako. Pale vinapotofautiana na niliyoandika, fuata hivyo.

Kujipima kabla ya kuruka

Sheria za afya hutofautiana sana. Nchini Marekani rubani wa glaida hadaiwi cheti cha daktari, lakini kanuni ya 61.53 inamkataza kuongoza ndege akijua kwamba ana hali ya kiafya inayomzuia kufanya hivyo kwa usalama. Katika nchi za Umoja wa Ulaya leseni ya glaida hudai angalau cheti cha afya cha LAPL, yaani kile cha marubani wa ndege nyepesi, ambacho hudumu miezi 60 kwa aliye chini ya miaka 40 na miezi 24 kwa aliyevuka umri huo. Uingereza huruhusu, katika mazingira mengi, tamko la rubani mwenyewe kuhusu afya yake. Ukizitazama zote utaona kwamba siku ya kuruka mzigo unamrudia rubani, kwa maana daktari aliyekupima mwaka juzi hajui kwamba leo umeamka na homa.

Mambo yanayowaangusha watu hayahitaji kuwa makubwa. Hata miongoni mwa marubani wa mashirika makubwa ya ndege, tatizo linaloongoza kwa kuwatoa kazini ghafla ni la tumbo, wala si la moyo. Katika glaida kuna jambo jingine linalodharauliwa, nalo ni maji. Chini ya kifuniko cha kioo jua hupiga kama ndani ya gari lililofungwa madirisha, na wengi hukataa kunywa kwa kuhofia haja ndogo wakiwa angani. Matokeo yake ni kichwa kuuma, maamuzi mazito na kizunguzungu, hasa rubani anapozunguka kwa muda mrefu ndani ya hewa moto inayopanda. Mwenye saumu analo la kufikiri zaidi, kwa kuwa saa za alasiri, ambazo mara nyingi ndizo nzuri kwa kuruka, ndizo pia saa ambazo mwili wake umepungukiwa maji na sukari. Kuahirisha somo hadi siku nyingine hakumpunguzii mtu chochote.

Dawa za dukani zinahitaji tahadhari ya pekee. Vidonge vya mafua na mzio vinavyoleta usingizi, vikiwemo vya klofenaramini ambavyo nyumbani tunavijua kwa jina la Piriton, havipatani na usukani wa ndege. Mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, FAA, hushauri kwamba baada ya dozi ya mwisho ya dawa ya aina hiyo rubani asubiri angalau mara tano ya muda mrefu zaidi unaotenganisha dozi mbili, hivyo dawa inayomezwa kila baada ya saa nne hadi sita hudai angalau saa 30. Nayo mafua yenyewe, hata bila dawa, huziba njia za masikio na kuleta maumivu makali wakati wa kushuka.

Anayeugua kisukari, kifafa, shinikizo la damu au ugonjwa wa moyo amweleze daktari wa anga kwanza, kisha mwalimu wake, kwa uwazi. Mwalimu naye ana wajibu huo huo kwa mwanafunzi. Walimu wengi wa klabu ni watu wanaojitolea, na baadhi yao wameshastaafu. Si kosa mwanafunzi akimuuliza, “Mwalimu, leo unajisikiaje?” Swali hilo ni la kikazi kama lile la hali ya hewa.

Mazungumzo ya dakika tatu kabla ya kufunga mikanda

Hapa ndipo usalama hupatikana, na hapa ndipo wengi huharakisha kwa sababu foleni ya kuvutwa ni ndefu. Mwalimu aeleze waziwazi: nikinyamaza ili ufikiri, nitatangaza kwanza kwamba nanyamaza, nikikuuliza swali ujibu kwa sauti, ukiniita nitajibu mara moja hata kama nina hasira na kona uliyoikata. Kisha wakubaliane juu ya kanuni ya miito miwili inayotumiwa katika ndege za abiria: asipojibu mara mbili mfululizo, au asipojibu hata mara moja huku ndege ikienda mahali pasipotakiwa, mwenzake anachukua usukani bila kusubiri ruhusa. Mwanafunzi apewe idhini hiyo kwa maneno, tena mapema, maana bila idhini hiyo adabu itamfunga mikono.

Maneno ya kupokezana usukani yawe mafupi na ya aina moja siku zote, na anayepokea ayarudie. Anayejifunza katika lugha isiyo yake aangalie jambo hili kwa makini. Mtu aliyeogopa hurudia lugha ya mama yake, na mwalimu Mjerumani hawezi kuelewa “nimeshika” inayopigwa kelele kutoka kiti cha mbele. Chagueni maneno mawili au matatu ambayo wote mnayamudu, myaseme kwa sauti mkiwa chini, na msiyabadilishe.

Baada ya hapo mwanafunzi akae kitini, afumbe macho, na aguse kila mkono wa chombo kwa zamu. Viwango vya Ulaya vimeweka rangi: wa njano huachia kebo inayoivuta glaida, wa buluu hufungua breki za hewa, wa kijani ni wa trimu, yaani kifaa kinachompunguzia rubani uzito wa usukani, na mwekundu hutupa kifuniko cha kioo wakati wa dharura. Kujua rangi pekee hakutoshi, kwa kuwa mwenye hofu huvuta kilicho karibu, na breki za hewa zikifunguliwa badala ya kebo kuachiwa mambo huharibika haraka. Rudia hadi mkono uende wenyewe.

Mikanda ya mabega ibane kwelikweli, ya mwalimu kama ya mwanafunzi. Huu si usumbufu wa ukaguzi tu. Mwili wa mtu aliyezimia ni mzito na hauna utaratibu. Mikanda ikiwa legevu huanguka mbele juu ya usukani, na kwa kuwa sukani mbili za glaida zimeunganishwa, uzito wake huinamisha pua ya ndege kwa nguvu ambayo mwenzake atapaswa kushindana nayo. Mifuko, kamera na chupa zisizofungwa zibaki chini.

Kutambua kwamba mambo yameharibika

Kuzimia ghafla hutambulika kwa urahisi kuliko kupungukiwa uwezo kidogo kidogo. Tarehe 18 Juni 1972 ndege ya abiria aina ya Trident ilianguka karibu na Staines, magharibi ya London, na watu wote 118 waliokuwamo wakafariki. Uchunguzi ulionyesha kwamba nahodha alikuwa na maradhi ya moyo ambayo yaelekea yalimvuruga umakini na uamuzi wake katika dakika zile za mwanzo. Alikuwa bado ameketi kitini pake na mkono ukiwa kazini. Mtu wa namna hiyo ndiye anayewachanganya wenzake, kwa kuwa anaonekana yupo.

Mwanafunzi wa mbele atege masikio, kwa kuwa macho hayamsaidii. Mwalimu aliyekuwa akitoa maelekezo safi huanza kurudia neno lilelile, kutaja kasi isiyo na maana, kutamka kwa ulimi mzito au kukoroma. Usukani nao husema: unakuwa mzito, unasukumwa pale ambapo hakuna sababu, au pedali inakazwa upande mmoja na kile kijiuzi kilichobandikwa kwenye kioo kinabaki kimelala pembeni bila mtu kukirekebisha. Mgonjwa wa kisukari ambaye sukari imemshuka anaweza kuonekana kama mlevi au mkorofi. Mahali palipo juu sana, ambako hewa ni nyembamba, rubani aliyepungukiwa oksijeni hujisikia vizuri mno, na ule uchangamfu wake ndio dalili.

Mwalimu wa nyuma kwa kawaida hukutana na jambo dogo zaidi, yaani kichefuchefu. Mwanafunzi aliyekuwa akiongea anakuwa kimya, anapiga miayo, shingo inatoka jasho. Acha kuzunguka, mwache atazame upeo wa macho, fungua tundu la hewa, na urudi nyumbani. Somo limekwisha kwa leo. Lililo la hatari ni mwanafunzi aliyeganda kwa hofu huku ameushika usukani kwa nguvu zote. Amri moja kali ya kuachia, ikitolewa kwa sauti ambayo hajawahi kuisikia kutoka kwako, mara nyingi humzindua, na katika glaida nyingi mwalimu anaweza kumgonga begani.

La kufanya, kulingana na mahali mlipo

Wakati mbaya kuliko wote ni kuvutwa kwa winchi, yaani mashine iliyo ardhini inayoivuta glaida kwa kebo. Glaida hupanda kwa mwinuko mkali kama ngazi, pua ikitazama mbinguni, na ndani ya nusu dakika hivi mambo yote yameamuliwa. Rubani anayeongoza akizimia hapo, mwenzake atafuata zoezi lilelile la kebo kukatika: ashushe pua kwanza hadi mkao wa kurudisha kasi, aachie kebo, kisha asubiri. Kusubiri huko ndiko kunakookoa. Pua inaweza kuwa imeshainama ilhali kasi bado ni ndogo, na anayekata kona au kufungua breki kabla kasi ya kutua haijarudi, mabawa yatashindwa kubeba na glaida itaporomoka, pengine ikizunguka kama pia, bila urefu wa kujiokoa. Kasi ikisharudi, tua mbele moja kwa moja kama nafasi ipo, na kona ibaki kwa aliye juu vya kutosha. Kwa sababu hizi, mwanafunzi ambaye bado hajafanya mazoezi ya kebo kukatika hana namna ya kumwokoa mwalimu wake hapo. Ndiyo maana mwalimu ambaye hajisikii vizuri hana ruhusa ya kusema “nitaruka raundi moja tu”.

Wakati wa kuvutwa na ndege, yupo mtu wa tatu ambaye maisha yake yamo mikononi mwenu. Glaida ikipanda juu mno nyuma ya ndege inayoivuta, kebo huinua mkia wa ndege hiyo na kuielekeza pua yake ardhini, na karibu na ardhi rubani wake hana la kufanya. Kama umechukua usukani na unaweza kukaa vizuri nyuma yake, kaa, upande hadi mahali ambapo uwanja unafikika, ndipo uachie. Kama huwezi, au kama ndege ile imepotea machoni pako, achia papo hapo. Ndege ikitikisa mabawa ni amri ya kuachia, wala usibishane nayo.

Katika kuruka huru muda upo, na jambo hili lafaa likumbukwe kwa sababu hofu hudai kinyume. Glaida ya mafunzo inayoruka vizuri katika hewa tulivu hushuka chini ya mita moja kwa sekunde, kwa hiyo mita 300 ni zaidi ya dakika tano. Weka pua mahali pake kwenye upeo wa macho, nyoosha mabawa, angalia kasi. Mwite mwenzako mara ya kwanza, kisha mara ya pili. Asipojibu, tamka kwa sauti kwamba umechukua usukani, hata kama hakuna anayekusikia, kwa sababu tamko hilo hukuhamisha kutoka abiria hadi rubani. Ukihisi mwili wake unausukuma usukani mbele, vuta kwa mikono miwili na urudishe trimu nyuma hadi mwisho ikupunguzie mzigo. Ikiwa wewe ndiye wa nyuma, jaribu kumvuta mabega na kumkazia mikanda. Usifungue mikanda yako kwa ajili ya kumfikia.

Ndipo uelekee uwanjani. Uwanja wenye watu, simu na barabara ya gari la wagonjwa ni bora kuliko shamba lililo karibu zaidi ambalo hakuna anayejua ulipo, mradi unafikika bila kubahatisha. ASK 21 huweza kuteleza takriban kilomita 34 kwa kila kilomita moja ya kushuka, lakini hesabu hiyo ni ya hewa isiyo na upepo wala mashuko. Panga kwa nusu yake.

Redio hufuata baada ya hayo yote, wala haitangulii. Sema Mayday mara tatu, jina la glaida, kwamba mwenzako amepoteza fahamu, mahali ulipo na urefu wako, uwanja unaoelekea, na kwamba unahitaji gari la wagonjwa. Tumia masafa ambayo tayari uko nayo; asipojibu mtu, 121.5 ndiyo masafa ya dharura ya kimataifa. Baada ya ujumbe huo huna deni la kujibu maswali.

Kutua kwako hakuhitaji kupendeza. Chagua njia ndefu kuliko zote, na kama huna uzoefu usijaribu kutua karibu na kibanda cha klabu ili msaada ufike upesi, gari litawafuata. Shika kasi ya kutua iliyoandikwa katika kitabu cha glaida, ambayo kwa ASK 21 ni kama kilomita 90 kwa saa, ukiongeza kwa ajili ya upepo kama ulivyofundishwa. Fungua breki za hewa nusu na uziache hapo badala ya kuzichezea. Kadiri ardhi inavyokaribia nyoosha mabawa, tazama mbali mbele, vuta kidogo kidogo, na endelea kuongoza hadi bawa moja liguse chini.

Kuna swali ambalo wanafunzi huuliza kwa sauti ya chini: parachuti je? Mkiwa mmevaa, ipo kwa ajili ya glaida iliyovunjika au isiyotii kabisa. Glaida inayotii usukani wako ndiyo nafasi pekee aliyonayo mwenzako ya kufika kwa daktari.

Baada ya kutua

Kiti cha glaida kimelala na kimebana, na kumkandamiza mtu kifua akiwa humo hakufai. Fungueni kioo, mfungueni mikanda, mmtoe na kumlaza chali juu ya ardhi ngumu. Kama hapumui kawaida, anzeni kukandamiza kifua mara 100 hadi 120 kwa dakika, kwa kina cha sentimita tano hadi sita, na aliyefunzwa atoe pumzi mbili baada ya kila mikandamizo 30. Mwingine akimbilie mashine ya kushtua moyo. Kama anapumua lakini hana fahamu, mlazeni ubavu. Simu ni 112 kote Ulaya, na Uingereza pia 999. Marekani ni 911. Viwanja vya glaida mara nyingi viko vijijini nyuma ya lango lililofungwa kwa kufuli, hivyo mtu mmoja atumwe langoni mapema, na anwani ya uwanja iwe imebandikwa karibu na simu kabla ya siku kama hiyo.

Klabu inaweza kulifanyia mazoezi jambo hili angani kwa masharti mawili. Zoezi litangazwe kabla ya kuruka, na lifanyike juu tu, likomeshwe kabla ya kuingia mzunguko wa kutua. Mwalimu asijifanye amezimia kwa kushtukiza, hata mara moja, hata kwa mwanafunzi anayemwamini. Akifanya hivyo mara moja tu, ameshamfundisha mwanafunzi kungoja.

Aliyezimia, hata kama alizinduka baada ya sekunde chache na kusema kwamba ni joto tu, haruki tena hadi daktari wa anga amruhusu, na tukio liripotiwe kama utaratibu wa nchi unavyotaka. Aliyeitua glaida naye asiachwe aende nyumbani peke yake akiendesha gari. Mikono yake itaanza kutetemeka baada ya saa moja hivi, wakati kila mtu anadhani yuko sawa.